Desturi ya Kufwatisha Besi, Kwetu Naviundu



Katika vitabu vidogo kama hiki mumezoea kusoma juu ya ngoma za wazee, juu ya mahari, majina ya mapacha na desturi za kilio. Kumbe leo munakuta gita ya besi, kitu cha umeme chenye kutoka dukani! Tunaomba muvumilie. Sisi ni watu wa Naviundu, mtaa wa pembeni ya Lubumbashi wenye kubeba jina la mto wake. Hakuna kati yetu anayekula kwa muziki. Mumoja ni mwashi, mwingine anauza makala, wawili wako ku masomo, mwingine ni mlinzi wa usiku. Mangaribi, tukipata gita na tukipata umeme, tunafwatisha besi ya nyimbo za watu wengine, tunairekodi mu telefone, tunaitumia wenzetu wa komine ya Kenya, wa Katuba, wa Ruashi, na mbali zaidi mpaka Likasi na Kasumbalesa. Wao nao wanatutumia zao. Watu wengi wanaona ni mchezo wa vijana na telefone zao. Sisi tunasema ni desturi, tena yenye umri kuliko gita hizi zenyewe.

Mu mwaka 1951, kule Marekani, Leo Fender alitoa gita yake ya besi ya umeme, yenye nyuzi nne. Mwaka uliofuata, 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na mashini yake ya kurekodi. Huko akamkuta kijana mzaliwa wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930: Mwenda Jean Bosco, ule tunaita Bosco wa Bayeke. Akarekodi wimbo wake "Masanga" na nyingine. Gita moja, mtu mumoja, vidole viwili: gumba na kile cha kuonyesha. Nyuma yake hakukuwa basisti. Besi ilikuwa ndani ya gumba. Gumba linatembea ku nyuzi nene, polepole, sawa mtu anayejua njia ya kwao. Kidole cha pili kinaruka juu, kinauliza, kinajibu. Asiyejua akisikia diski ile anaapa kwamba kuko watu wawili. Mzee mumoja wa jirani yetu, fundi wa kinga, ambaye tutamsema tena mbele, alikuwa anacheka akituona na ampli yetu: "Bosco, besi yake njo kidole. Hakununuaka ingine."

Diski zile zilisafiri. Zilifika mpaka Nairobi, na Bosco na Edouard Masengo wakafika wenyewe kupiga kule. Vijana wa Kenya waliweka sikio ku gramafoni, wakatafuta ku gita yao kile gumba lilifanya. Kule London, David Rycroft alikaa na diski za Bosco, akasikiliza, akaandika noti kwa noti. Maandishi yake yalitoka mu gazeti la African Music mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1979 Mwingereza mwingine, John Low, alikuja mpaka huku Shaba kumtafuta Bosco, na Masengo, na Losta Abelo, ili ajifunze gita yao karibu na mikono yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1982. Mwenye elimu na asiye na elimu, wote walifanya kazi moja: kusikia, kurudilia, kukosea, kurudilia tena. Sisi tunafanya ile ile. Kilichobadilika ni chombo cha kupitisha tu.

Na kabla ya gita ya dukani kulikuwa kalindula. Wengi wanajua jina hilo kama muziki wa Zambia, lakini muziki ulipata jina kutoka ku chombo, na chombo hicho ni besi: uzi mumoja, mti wa kuushikilia, na kibuyu ao kopo kubwa la kukuza sauti. Luapula iko hapo tu, ukifuata barabara ya Kasenga, na ng'ambo zote mbili watu wanasemezana Kibemba bila kuuliza pasipoti. Waliokua kijijini wanakumbuka mtoto aliyechukua kamba ya freni ya kinga na tine ya mafuta, akatengeneza besi yake, akapiga paka nyimbo alizosikia ku radio. Hakuwa na wimbo wake hata mumoja. Hakuna aliyemwambia ni mwizi.

Tunalisema hili juu ya swali moja linalorudi kila mara: "Nyimbo si yenu, munairekodi na haki gani?" Swali si la upuzi. Mtu akichukua wimbo wa mwingine na kuuza, akaweka jina lake, hiyo ni wizi, na wanamuziki wa Kongo wameteswa sana na mambo ya namna hiyo. Lakini kufwatisha kwetu kuna sheria yake, na wazee ndio waliotupa. Kwanza unapiga sawa mwenyewe alivyopiga, bila kuongeza hata tone. Wenzako wanasikiliza diski, wanasikiliza wewe, wanakuambia pale uliteleza. Siku wananyamaza, ndipo unaruhusiwa kuweka chako. Yaya wetu mumoja alikaa miezi minne ku wimbo mumoja tu wa TPOK Jazz. Miezi minne! Mke wake alijua besi ile kuliko yeye. Alikuwa anamsahihisha toka jikoni.

Mu orkestra ya Kongo kazi imegawanyika: solo, mi-solo, akompa, na besi. Solo ndiyo inapendwa. Sebene ikianza, watu wanamtazama mwenye solo, wanamwekea feza ku paji la uso. Basisti anasimama karibu na ngoma, sawa mgeni aliyekosa kiti. Uliza watu mu soko: Franco, kila mtu anamjua. Uliza sasa nani alishika besi nyuma ya Franco. De La Lune, Flavien Makabi... majina hayo utayapata kwa watu wachache sana. Mu Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu orodha ya urithi wa wanadamu, na sisi tulifurahi pamoja na wote. Lakini tulijiuliza pia: mu urithi ule, wenye kushika chini wataandikwa wapi?

Turudi kwetu. Gita tunayotumia si yetu, ni ya kanisa moja ambalo hatutalitaja. Mumoja wetu anapiga mu ibada, kwa hiyo anaruhusiwa kuilaza kwake katikati ya juma. Sharti lilikuwa moja: "Mutapiga paka nyimbo za Mungu." Sasa besi, ndugu wasomaji, haina maneno. Mtu anayepita ku lupango anasikia dum, dum-dum, hawezi kujua kama ni Haleluya ao ni bia. Tuliishi vizuri na siri hiyo, mpaka mangaribi moja mama mumoja wa kwaya, mtu mzima mwenye heshima yake, alisimama ku mlango na ndoo ya maji ku kichwa. Akasikiliza. Kiuno kikaanza chenyewe. "Ile besi naijua," akasema, "njo ya wakati ya ndoa yangu." Alituomba tuirudilie, kisha akaenda zake, na hakusema kitu kwa mchungaji. Nyuzi nazo si rahisi. Seti mpya ni bei, basi tunachemsha za zamani mu sufuria ya maji, uchafu unatoka, sauti inarudi kwa majuma machache. Anayefika wakati huo anauliza kama ni spageti.

Kurekodi tunafanya asubuhi sana, mbele ya mashini za kusaga unga na pikipiki kuamka, na mbele ya delestaji kutukata. Wimbo wenyewe unapita mu telefone ya kwanza, mpigaji anausikia mu masikio peke yake. Telefone ya pili tunaifunga mu kipande cha kitenge, tunaiweka mbali kidogo na bafle, maana ikikaribia sana sauti inapasuka. Kwa hiyo tunachotuma ni besi tupu: hakuna mwimbaji, hakuna solo. Mgeni akisikia anaona ni kitu kimekatika. Lakini mwenye kujifunza anashukuru, kwani mu diski besi imefichwa chini ya vyote, na hapa imekuja mbele peke yake, mara ya kwanza, inaweza kuchunguzwa sawa saa iliyofunguliwa.

Hapa ndipo ugomvi wetu mkubwa uko. Uzi wa chini wa gita ya besi, mi, unatetemeka mara 41 hivi mu sekunde moja. Bafle ndogo ya telefone, yenye ukubwa wa ukucha, haiwezi kutoa sauti ya chini vile. Sikio la mtu linasaidia: linasikia sehemu za juu za sauti ile na kujaza lenyewe kile kinachokosekana. Lakini kujaza si kusikia. Basi vijana wengi wamegundua dawa: wanapandisha besi yote juu ku shingo la gita, oktavi moja ao zaidi, ili isikike vizuri mu telefone. Wanapata sifa nyingi. "Aaah, huyu anapiga safi!" Na yule aliyebaki chini, pale mwenye wimbo alipokuwa, anaambiwa hasikiki.

Sisi hatukubaliani wote. Wenzetu wawili wanasema kusikika ndiyo kazi ya muziki, na tena kila wakati una chombo chake. Hata Bosco alipiga kwa namna ya mashini ya wakati wake. Hilo hatuwezi kulikataa kabisa. Lakini wengi wetu tunaogopa. Mtoto wa leo hajawahi kusimama mbele ya bafle kubwa akasikia mi inamgonga ku kifua. Akijifunza kwa telefone, kutoka kwa mtu aliyejifunza kwa telefone, baada ya watu watatu besi itakuwa imekuwa akompa, na hakuna atakayejua kwamba kitu kilipotea. Kwa hiyo tumekata hivi: tunapiga chini, mahali pake, na tunamwambia anayepokea atafute masikio ya kuweka, ao aazime bafle ya jirani. Tunapoteza wasikilizaji. Basi.

Jambo la pili tulilokata ni la majina. Sauti ikipita telefone kumi inafika na jina la namba tu, na kila anayepokea anaamini ni ya yule aliyemtumia. Sasa kabla ya noti ya kwanza mpigaji anasema kwa mdomo: wimbo, mwenye wimbo, aliyeshika besi kama anajulikana, na jina lake mwenyewe, na Naviundu. Hakuna anayeweza kufuta maneno hayo bila kukata wimbo.

Yule mzee fundi wa kinga ndiye aliyetuonyesha faida yake, bila kutaka. Ujanani alijifunza "Masanga" ku diski, gumba na kidole, na alilipiga mpaka uzeeni ku gita yenye nyuzi tano, ya sita ilikatika na hakuiona kuwa lazima. Siku moja tulimrekodi ku baraza lake. Tulimwambia desturi yetu, akacheka, kisha akasema wazi, kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu: wimbo ni wa Bosco, gita ni yake yeye, akataja jina la baba yake na kijiji, tena akaongeza jina la mke wake aliyekufa. Kisha akapiga. Dakika nne na kidogo.

Alipofariki, watoto wake walikuja toka mbali ku kilio. Walikuwa na picha nyingi. Sauti hawakuwa nayo hata moja. Tuliwapa ile, na usiku wa kwanza waliisikiliza mara nyingi, zaidi ule mwanzo, maneno yale machache. Gita ilikuwa inakuja baadaye sawa mvua nyuma ya mlango. Mtoto wake mkubwa, mtu wa mvi, aliomba tumfundishe gumba la baba yake.

Kazi hiyo bado haijaisha. Katikati ya wimbo, pale gumba linashuka na kugeuka, jogoo wa jirani aliwika, na tunakosa noti mbili ao tatu. Si za Bosco, maana tumelinganisha na diski: mzee aliweka zake hapo. Tumetuma kipande kile kwa wenzetu wote. Katuba wanasema gumba lilinyamaza. Wa Likasi anasema liliteleza kutoka la kwenda sol, na ametuma mfano, mzuri kweli, lakini mtoto wa mzee anatikisa kichwa: "Hapana, baba hakufanyaka vile." Wa Kasumbalesa ametuma yake juzi. Umeme ukirudi tutaisikiliza ku bafle kubwa, pamoja naye.