Dada wa Simu

Redio yetu imeifunga simu ya studio. Sasa msikilizaji anatuma sauti aliyoirekodi kwa WhatsApp, mtangazaji anachagua inayompendeza, anaikata kichwa na mkia, anairusha. Mimi nimeshastaafu, sina kura kwenye vikao vyao. Ila kalamu ninayo.

Nimezaliwa Muheza. Redio ya baba ilitumia betri tulizozianika juani zikichoka, na shangazi yangu alikuwa mtu wa kadi za salamu za Redio Tanzania Dar es Salaam, akitaja ukoo mzima hadi majirani. Nikasoma kidogo, nikapokea simu kwenye swichibodi ya hoteli moja Tanga, nikaolewa mji mdogo chini ya Usambara. Sheria ya 1993 iliruhusu redio zisizo za serikali. Sisi tulichelewa sana, lakini hatimaye watu wa mji wakachangishana: mtambo wa wati 100, studio ya chumba kimoja, ukutani trei za mayai. Mshahara hakuna. Nikapewa meza ya simu kwa kuwa nilishauzoea mkonga.

Hapo nikamkuta Fundi. Hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikuwa amepanda nguzo za simu tangu enzi za lile shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lililovunjika 1977, na redio kwake ilikuwa mchezo wa uzeeni. "Binti," aliniambia, "simu ina nyaya mbili tu. Sauti inayokwenda na inayorudi zinapita humo humo." Ukiiunganisha hivi hivi na mikisa, sauti ya mtangazaji inaondoka na kurudi, inajichanganya na yenyewe, inakuwa nyembamba na yenye mwangwi. Na umeme wa kengele, volti 70 na zaidi, unaweza kuunguza vifaa. Basi akatengeneza haibridi, kifaa cha kuzitenganisha sauti hizo mbili, kwa transfoma za simu za zamani. Mimi nahesabu moja hadi kumi kwenye maikrofoni, yeye anazungusha bisibisi mpaka sauti yangu inayorudi ififie. Mvua ikilowesha laini, tunaanza upya. Mpigaji naye alitakiwa asikie kipindi chote isipokuwa sauti yake mwenyewe.

Lakini sheria yake kubwa haikuwa ya nyaya. "Muulize matatu: jina, anapiga kutoka wapi, redio yake ameizima? Basi." Redio isipozimwa, sauti inatoka hewani, inaingia tena kwenye simu yake, na mji mzima unapigiwa mluzi. Habari aliyopigia, marufuku kumwuliza.

Kisha mpigaji mmoja akamtukana diwani hewani. Meneja akaamuru kila mpigaji anieleze habari yake yote kwanza, niiandike, ndipo apite. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, vipindi vya simu vililaumiwa kwa kupitisha maneno ya chuki. Nikatii. Akapiga mama mmoja, akanisimulia jinsi mtaro ulivyobomoa jiko lake na majibu aliyopewa kwenye ofisi ya kata, akimwigiza karani hadi kikohozi. Nilicheka nikakaribia kulia. Alipoingia hewani: "Kama nilivyomwambia yule dada, ni kuhusu mtaro. Asanteni." Akakata.

Fundi alinitazama. "Mchuzi umeunywa wewe, mji umeletewa sahani."

Nilimpinga meneja wakati ule na ninampinga leo. Mtu hasimulii kitu kimoja mara mbili kwa moto uleule. Na mtukanaji hakwambii mezani kwamba atatukana. Huyo ndiye mwenye adabu kuliko wote, shikamoo nyingi. Anayemzuia ni fundi mitambo aliye macho, mkono kwenye swichi, na kile kifaa cha kuchelewesha matangazo sekunde chache, ambacho meneja alisema ni ghali.

Simu za mkononi zikaenea, wasikilizaji wakawa wanabipu nasi tunawapigia kwa vocha za mifuko yetu. Ukaja pia ule mngurumo wa trrr-trrr kwenye spika kabla simu haijaita: simu ya GSM hurusha kwa mapigo kama 217 kila sekunde, na nyaya za maikrofoni huyadaka. Fundi akaamuru simu zote zibaki mlangoni. Meneja peke yake aliingia na yake.

Nyinyi vijana mnaoweka simu mbele ya maikrofoni na kubonyeza spika, mnamdhalilisha mpigaji. Simu ya kawaida tayari imembana kati ya hezi 300 na 3,400. Mnambana tena kwa kispika kile, halafu mnasema wapigaji wa siku hizi hawaeleweki! Waya wa kuunganisha hauna bei ya kutisha. Na hizo sauti za WhatsApp, mtaziuliza vipi, "Enhe, ikawaje?"

Meneja naye amestaafu. Juzi nimemsikia akipiga redio ya mji mwingine kulalamikia maji. Alianza hivi: "Kama nilivyomweleza binti aliyepokea simu..."