Saa Iliyorudi Nyuma

Nyumbani kwetu Mbale, kompyuta haikuwahi kutupwa. Ya kwanza niliinunua mwaka 2003, ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Ya pili nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihama. Ya tatu niliiunda mwenyewe kwa vipande vya mbili zilizokufa. Mwaka 2009 zilifika nne, zikiwa zimeunganishwa kwa nyaya zilizopita darini hadi kwenye swichi ndogo iliyotundikwa stoo. Waya wa aina hiyo una nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi, nao hupeleka mawasiliano hadi meta 100. Nyumba yetu haikuhitaji hata 30.

Kisarufi, kompyuta imo katika ngeli ya I-ZI, nami ndivyo nilivyofundisha darasani. Nyumbani, hata hivyo, hakuna aliyesema, "Kompyuta imezimika." Watoto walisema, "Babu amelala," wakiikusudia ile kongwe ya stoo iliyotunza nakala za mafaili ya nyumba nzima. Sikuwasahihisha. Mashine inayokoroma usiku kucha, ikagoma kuamka asubuhi ya baridi, inastahili upatanisho wa kiumbe hai.

Faili nililolithamini kuliko yote lilikuwa la hadithi za mama. Alinisimulia kwa Kimasaba, nami jioni nikaziandika kwa Kiswahili katika kompyuta ya sebuleni. Kila mwisho wa mwezi, programu niliyoiweka ililinganisha mafaili ya sebuleni na ya stoo. Palipokuwa na tofauti, lenye tarehe ya karibuni zaidi lilichukua nafasi ya jingine.

Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ya duara mfano wa sarafu, yenye volti 3, inayoendesha saa ya mashine umeme unapokatika. Ile ya sebuleni ilikwisha. Tangu hapo, kila umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, saa ilirudi tarehe 1 Januari 2002. Niliiona. Betri mpya ilikuwa ya bei ya soda mbili tu, lakini nikasema nitainunua Jumamosi. Jumamosi nne zikapita.

Mwezi ulipokwisha, programu ikafanya kazi yake kwa uaminifu. Iliona faili la sebuleni, nililoliandika jioni ile ile, lina tarehe ya mwaka 2002. La stoo, lililopitwa na mwezi mzima, lina tarehe ya 2009. Ikachukua la stoo, ikalifunika langu. Hadithi tano ziliondoka, na mbili tu zilibaki. Nilifungua Babu, nikatoa diski, nikaiunganisha kwa mashine zote nne moja baada ya nyingine. Sikupata hata aya.

Nilikwenda kwa mama nikiwa na daftari na kalamu. Hakunilaumu, alicheka, akaanza upya. Alipofika kwenye hadithi ya sungura na fisi, ikaisha kwa namna nisiyoikumbuka: fisi alisamehewa. Nikamwambia kwamba mara ya kwanza fisi alifukuzwa kijijini.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Huo mwisho uliutunga wewe."

Sikuwa na faili la kumwonyesha.