Meza ya Mninga, Tabora 1983

Mwaka 1983 misumari ilikuwa adimu kama sabuni na sukari. Ukisikia imefika duka la ushirika, unakuta foleni imeshazunguka jengo. Wengi waliouishi mwaka ule huukumbuka kwa msako wa wahujumu uchumi. Mimi naukumbuka kwa meza moja, aliyoitengeneza mjomba wangu Tabora bila msumari hata mmoja, nami nikiwa kijana wa kumshikia mbao.

Aliyeiagiza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alitaka meza ya kusahihishia madaftari, yenye droo moja, na chini rafu ya vitabu, kwa sababu sakafu ya nyumba yake ilikuwa ya udongo na mchwa walikuwa wameshamlia vitabu vingi.

Mjomba alichagua mninga. Kila ubao aliukagua na kuondoa sehemu yote nyeupe ya nje, maana mchwa huanzia hapo. Kiini chekundu huwashinda. Kisha akazipanga mbao bandani, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikangoja mvua ziishe. Mwalimu akapita kuuliza.

"Shikamoo fundi. Meza yangu vipi?"

"Marahaba, mwalimu. Mbao bado zina maji. Nikiiunga leo, kiangazi itakupasukia."

Miguu na fremu zilikwenda haraka: ndimi, matundu, na gundi ya ngozi iliyopashwa moto kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji. Kilichonikaa moyoni ni pembe za droo. Aliziunga kwa mikia ya njiwa, na aliichora kwa ncha ya kisu, si kwa penseli, kwa kuwa alama ya kisu huipa patasi mahali pa kukaa. Mwinamo wake ulikuwa mdogo, moja kwa nane, kipimo cha mbao ngumu. Ukiuzidisha, ncha za mkia humeguka. Ukiupunguza mno, mkia haushiki. Alikata kwa msumeno wa meno madogo akiuacha mstari wenyewe mzima, kisha akaulaza ubao wenye mikia juu ya mwenzake na kuifuatisha kwa kisu, hata kila mkia ukawa na tundu lake na usiingie jingine. Vipande vya katikati alivitoa kwa patasi, nusu upande huu, nusu upande ule, ili uso wa ubao usichanike.

"Mjomba, gundi peke yake haitoshi?"

"Gundi inazeeka, mpwa wangu. Droo inavutwa kila siku. Mkia ndio unaokataa kuachia."

Rafu aliikata pembe zote nne ili ikumbatie miguu, akailaza juu ya mbao za chini za fremu. Mafundi wengi wangeigundisha pande zote. Yeye aliishika katikati tu, na kuzunguka kila mguu akaacha upenyo mwembamba. Ubao hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, ilhali kwa urefu karibu haubadiliki. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, lakini hucheza, na rafu iliyofungwa kila upande itapasuka au itaisukuma miguu. Kwangu mimi, upenyo ule ambao hakuna mgeni aliyewahi kuusifia ulidai ujuzi mkubwa kuliko mikia yenyewe.

Mwalimu alikwishastaafu, na meza iko kwa binti yake Dar es Salaam. Niliikagua nilipomtembelea. Vanishi imechubuka, rafu haina ufa, na kwenye pembe moja ya droo gundi imekufa, imebaki unga. Pembe hiyo haijaachia.

Siku hizi mninga ni ghali, na misitu imevunwa kupita kiasi. Ukiagiza meza ya mti huo, mwombe fundi akuoneshe pembe za droo kabla hajapaka vanishi, na umlipe siku zote alizotumia kuzichonga.