Mficha Uchi Hazai

Barua ya posa ilipofika katika nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, wazee waliuliza yaliyozoeleka: nasaba, tabia, mahari. Damu nayo iliulizwa, lakini kwa maana ya ukoo. Ile ipitayo mishipani haikutajwa.

Binti aliyeposwa alikuwa na lake moyoni. Kaka yake alikufa kwa selimundu, baada ya miaka ya kukesha akilia kwa maumivu ya mifupa. Somo wake, aliyekuwa tayari kumfunda usafi, hedhi na unyumba, alimnasihi anyamaze: maradhi ya kwao yasitoke nje, posa isije ikavunjika.

Kijana hakuwa na somo. Kama wanaume wengi, elimu yake ya ndoa ilitoka barazani. Binti alipomwomba waende wakapime, alinuna. Kwake, kipimo kabla ya ndoa kilikuwa na jina moja tu, ukimwi, na kuombwa kupima ni kutuhumiwa uhuni.

Lakini selimundu haichagui baina ya mcha Mungu na mhuni. Mwenye kinasaba chake kimoja huishi na afya yake, wala hajijui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Na wa kwanza akiugua, hilo haliwakingi wanaofuata. Kwa mabinamu, ambao ndoa zao hupendwa pwani, hatari huzidi pale kinasaba kinapokuwamo katika ukoo, kwani wote wawili huchota kisima kimoja.

Ng'ambo ya bahari, Saudi Arabia iliwalazimisha wachumba kupima kuanzia mwaka 2004, ikawaachia wenyewe uamuzi. Katika miaka ya mwanzo, wengi waliokutwa na hatari hiyo walioana vivyo hivyo. Mara nyingi majibu yalikuja mialiko imeshatoka, na aibu ya kurudi nyuma ikazidi hofu ya kwenda mbele.

Binti wa Ng'ambo alishikilia neno lake. Walipima kabla barua haijajibiwa, na wote wawili wakakutwa na kinasaba. Walizungumza siku nyingi, kwanza wao wenyewe, kisha na wazee. Mwisho barua ilirudishwa kwa heshima. Walilia, ila hakuna aliyefedheheka, na nyumba zile mbili zingali zinasalimiana.

Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Somo yule, alipoletewa mwari mwengine, alianza na swali la damu.