Kwa Wewe Uliyehamia Chuo Kingine



Vijana wetu wanarudi vyuoni. Wale wa mwaka wa kwanza tuliwaita mbele Jumapili, tukawaombea, na wamama wakawachangia nauli na sabuni. Vizuri sana. Lakini kuna kundi ambalo hatuliiti mbele: wale wanaohama. Alianzia chuo kile, sasa anakwenda kumalizia hiki. Leo nasema nao, kwa sababu nami nilihama.

Nilianza katika chuo kidogo cha Biblia. Hatukufika wanafunzi arobaini. Mkuu wa chuo alijua nani hajalipa karo na nani hajala. Baada ya miaka miwili Mungu akafungua mlango nikasomee shahada ya theolojia katika chuo kikuu jijini Nairobi. Nikaenda na transkripti yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikitarajia kuingia mwaka wa tatu.

Majibu ya ofisi ya msajili yalichukua wiki kadhaa. Yalipotoka, karibu nusu ya kozi zangu hazikukubaliwa. Utangulizi wa Agano la Kale, kozi niliyokuwa nimeipita vizuri, niliambiwa niirudie pamoja na vijana waliotoka shule ya upili juzi. Mpendwa, iliniuma. Baba alikuwa ameuza ng'ombe kwa hesabu ya miaka miwili, na sasa ilikuwa mitatu.

Nikakaa darasani. Mhadhiri wetu alikuwa na swali moja kwa kila aliyeinua mkono: hilo umelisoma mstari gani? Ukimpa wazo zuri, anauliza mstari. Ukimpa ushuhuda, anauliza mstari. Chuo cha kwanza kilinifundisha kusimama mbele za watu na kuhubiri. Cha pili kilinifundisha kuketi na kusoma kabla sijasimama. Kozi ile ya kurudia ndiyo ninayoitumia hadi leo kila Ijumaa nikiandaa mahubiri.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwaka ule haukuwa na gharama. Ng'ombe aliuzwa kweli. Ninasema haukupotea.

Lakini masomo hayakuwa sehemu ngumu zaidi. Sehemu ngumu ilikuwa siku mhadhiri aliposema, "Jigaweni makundi ya watu watano." Darasa zima likageuka mara moja. Walikuwa wamejuana tangu mwaka wa kwanza. Nikabaki nimeshika kalamu. Mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma, akavuta kiti pembeni yake na kusema, "Ndugu, njoo hapa, sisi tuko wanne." Nimesahau alama za kazi ile. Kiti kile sijakisahau.

Mtu anayehama si mgeni kama wa mwaka wa kwanza. Fresha anapokelewa getini, anaonyeshwa maktaba na hosteli, CU inamtafuta. Wewe umefika katikati. Kila mtu anadhani unajua njia, na wewe unaona aibu kuuliza.

Soma Danieli sura ya kwanza. Kijana alitolewa Yerusalemu kwa nguvu, akapelekwa Babeli, akawekwa kwenye masomo ya miaka mitatu kwa lugha ya Wakaldayo. Hata jina alibadilishiwa. Angalia mambo mawili. Kwanza, alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa masomo. Alisoma vitabu vya watu wale hadi mfalme alipomhoji akamwona anawazidi wenye hekima wa nchi nzima. Pili, hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, na mambo yalipokuwa magumu aliwaendea wenzake waombe pamoja.

Kijana wangu, kuna imani isiyokula mezani pa Babeli, na kuna uvivu unaojiita imani. Usikose darasa kwa sababu ya kesha.

Sasa ushauri wa mzazi kwa unayepanga kuhama. Kabla hujaondoka, omba chuo kipya kikuandikie kozi zipi zitakubaliwa. Maneno ya mdomo ofisini hayatoshi. Beba mihtasari ya kozi ulizosoma pamoja na transkripti, maana jina la kozi peke yake halionyeshi ulichofundishwa. Maliza deni la karo mapema, kwa sababu vyuo vingi havitoi karatasi zako ukiwa na salio. Kama uliwekwa na KUCCPS, uhamisho hupitia kwao, una muda wake, na chuo unachotoka na unachoingia vyote hukubali kwanza. Na uwajulishe HELB, karo isije ikatumwa kule ulikotoka.

Jiulize pia kwa nini unahama. Kama ni kozi, karo, au afya ya mzazi, nenda kwa amani. Kama ni kumkimbia mtu uliyekosana naye, jua kwamba hata huko kuna watu.

Wazazi, mtoto akiongezewa mwaka usimwambie amekuaibisha mbele ya majirani. Ameumia kabla yako.

Na wewe uliye chuoni tangu mwanzo, ukiambiwa mjigawe makundi, tazama nyuma kabla hujageukia rafiki zako. Kanisa, kama unajua kijana aliyehamia chuo muhula huu, mpigie simu leo. Muulize amekula nini na anakaa na nani. Ukiweza, mtumie kitu kidogo kwa M-Pesa.

Ee Bwana, mkumbuke kila kijana aliyefika katikati. Mpe watu wake watatu kama ulivyompa Danieli. Fungua milango ya ofisi zilizokaa na karatasi zake, na umtie nguvu arudie kwa moyo mweupe kile alichoambiwa arudie. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu anawapenda. Kama wewe ni mmoja wao, niandikie jina la chuo hapa chini. Jumapili tutakuita mbele.