Jeraha la Mzee

Sisi tukaao Kidatu, kati ya mashamba ya miwa na milima ya Udzungwa, twalijua jeraha la panga. Kijana akijikata vibaya na kidonda kikaingia uchafu, mguu huvimba, homa humpanda, nasi humkimbiza Ifakara. Babu yake akiumia vivyo hivyo pengine hulala kimya, nasi husema, "Alhamdulillahi, hana homa."

Kimya hicho ndicho cha kuogopwa. Homa ni alama ya kuwa askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wamo vitani. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo hufunza baadhi yao, huanza kunywea tangu ujana. Uzeeni askari wapya ni haba, na wa zamani huchelewa kufika. Vijidudu huweza kuingia damuni pasipo homa. Dalili huwa nyingine: mzee huchanganya maneno, hukataa uji, hupumua mbio, hushindwa kusimama kwa Sala. Hiyo ni saa ya kumpeleka, wala si ya kungoja kupambazuke.

Tena kuna pepopunda. Mabibi wengi walichanjwa walipokuwa waja wazito. Mababu wengi huenda hawakuchanjwa kamwe. Daktari na aambiwe hayo mlangoni.