Swali Aliloniuliza Mpwa Wangu Baada ya Tarawehe



Wapenzi wasomaji, hasa kina mama, leo naandika kosa langu mwenyewe, kwa kuwa kosa la mwenye kilemba huigwa na wengi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu hapa Mkwiro, ana saratani ya damu sugu, ile iitwayo ya mayeloidi. Uboho wa mifupa yake huzalisha chembe nyeupe kupita kiasi. Kila siku humeza tembe ya imatinibu, na siku ya kliniki huvuka kwa mashua hadi Shimoni alfajiri, kisha hushika gari la Mombasa.

Mkesha wa Ramadhani alinijia baada ya tarawehe. "Shikamoo mjomba. Tembe hii nikiimeza mchana, saumu yangu yasihi?" Nikamjibu kwamba haisihi, na jawabu hilo ni sahihi. Kisha nikaongeza, "Subiri mwanangu, mwezi ni mmoja tu." Sikumuuliza tembe ni ya nini wala humezwa saa ngapi. Naye akaifungia kabatini hadi Idi.

Baada ya Idi vipimo vilikuwa vimepanda. Daktari hakutugombeza, alichukua kalamu akatuchorea. Mwaka 1960, wataalamu wa Philadelphia, Marekani, waliona katika chembe za ugonjwa huu kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, na hapo huzaliwa protini inayoamrisha chembe kuzaana bila kukoma. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba tundu la protini hiyo, na amri ikanyamaza.

Lakini chembe zilizosalia huweza kubadili umbo la tundu lile, dawa isishike tena. Ndiyo sababu zikatengenezwa dasatinibu na nilotinibu, ili chembe zilizokuwa kiziwi kwa dawa ya kwanza zisikie ya pili. Hata hivyo, njia iliyo mkononi mwa mgonjwa ni kutokosa kumeza. Uchunguzi wa wagonjwa 87 mjini London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliomeza dozi zisizozidi asilimia 90 walibaki nyuma sana ya wenzao. Asilimia 10 ni siku tatu tu za mwezi. Mpwa wangu aliacha mwezi mzima, kwa neno langu.

Lililoniuma zaidi ni hili: tembe hiyo humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji. Futari ilikuwa mahali pake! Na lau isingewezekana, Sura al-Baqara imekwisha kumruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Aya hizo nimezihifadhi tangu utotoni chuoni, nikashindwa kumfaa nazo mwanangu.

Nilimwendea nikamtaka radhi. Akasema, "Yamepita, mjomba." Amerejea kwenye tembe zake, na vipimo vijavyo ndivyo vitakavyotwambia kama chembe zingali zaisikia dawa, au itabidi ibadilishwe.

Kina mama, kabla ya Ramadhani mwulizeni daktari saa za dawa, kisha mwulizeni sheikh hukumu ya saumu. Nasi masheikh tukiulizwa, tuulize kwanza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.